Somo la wiki: Kasa na joto la mchanga



Jumamosi iliyopita nilionyesha darasa la kati picha ya mnyama, nikauliza anaitwaje. Wote kwa pamoja: "Kobe!" Hapana, wanangu. Kobe ni wa nchi kavu, ana miguu ya kutembelea. Wa baharini ni kasa, ana mapezi ya kuogelea. Kwetu pwani ukimwita kasa kobe, wavuvi watakucheka. Na yule mwenye magamba mazuri yaliyokuwa yakichongwa vitana ni ng'amba.

Leo tusome habari za mtaalamu wa hapa Australia, Dk. Colin Limpus wa Queensland. Mwaka 1968 alianza kuwawekea kasa vibati vya namba katika ufuo wa Mon Repos, karibu na Bundaberg. Kwa nini vibati? Hospitalini, mama akijifungua, yeye na mtoto huvishwa ukanda mkononi ili wasichanganywe. Kasa naye hubanwa kibati kwenye pezi la mbele. Akipanda tena ufuoni baada ya miaka kadhaa, anajulikana kuwa ni yule yule.

Ni kazi ya usiku, ya kungoja na kuhesabu. Lakini hesabu hiyo iliokoa maisha. Katikati ya miaka ya 1970, majike kama 3,500 wa kasa wenye kichwa kikubwa walikuwa wakitaga mashariki mwa Australia kwa msimu mmoja. Kufikia mwaka 2000 walikuwa hawafiki 500. Wengi walizama katika nyavu za kukokota kamba, maana kasa hupumua hewa kama sisi. Mwaka 2001 Queensland ikalazimisha nyavu hizo ziwe na tundu la kasa kutokea. Bila vibati na daftari, nani angejua kwamba wanapungua?

Sasa jambo lililowashangaza watoto zaidi. Mtoto wa binadamu huwa mvulana au msichana tangu mimba inapotungwa. Kasa sivyo. Yai likifukiwa, joto la mchanga ndilo linaloamua. Karibu nyuzi 29, nusu huwa madume na nusu majike. Mchanga ukiwa baridi zaidi, hutoka madume. Ukiwa moto zaidi, majike. Ndiyo maana mchanga wa kahawia wa Mon Repos hutoa majike wengi, na mchanga mweupe wa visiwa vya matumbawe hutoa madume wengi.

Mwaka 2018 Michael Jensen na wenzake walitoa matokeo ya kupima damu ya kasa wa kijani wa Great Barrier Reef. (Mimi nesi, hapa nilifurahi: kasa mchanga ukimtazama kwa nje huwezi kujua ni dume au jike, lakini homoni katika damu husema.) Kati ya kasa wachanga waliotoka fuo za kaskazini, zaidi ya 99 katika kila 100 walikuwa majike. Wale wa kusini, kwenye mchanga wa baridi kidogo, majike walikuwa kati ya 65 na 69.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa baba atatoka wapi?" Swali zuri sana. Nilimjibu kwamba dume mmoja hupanda majike wengi, na kasa huishi miaka mingi, kwa hiyo madume wa zamani bado wapo. Lakini nao watazeeka. Wataalamu wanajaribu kutia viota kivuli, ila huwezi kufunika fuo zote.

Nyumbani nako kazi inaendelea. Watamu, Kenya, shirika la Local Ocean Conservation hulinda viota. Mvuvi akinasa kasa kwa bahati mbaya hupiga simu, kasa hupimwa, huwekewa kibati na kurudishwa baharini.

Kazi ya nyumbani:

Mpigie simu bibi, babu au shangazi wa pwani, umuulize aliwahi kumwona kasa akitaga wapi, na kama ufuo huo bado upo. Wenzetu wa Goma na Bujumbura, ulizeni kobe anaitwaje katika lugha ya nyumbani. Andika sentensi tano, uje nazo Jumamosi. Wazazi, tafadhali msiwaandikie.