Pilau la Desemba Hununuliwa Juni

Ukiingia soko la Mwanjelwa, Mbeya, tarehe 23 Desemba, orodha mkononi na mtoto mgongoni, umeshachelewa. Kuku hashikiki, nyanya zimepungua kwenye fungu, na muuza mchele hana haja ya kukusikiliza, maana nyuma yako kuna mama mwingine aliyekwisha kutoa noti. Ujuzi wote wa kubembeleza bei haufui dafu siku hiyo.

Kwa hiyo wewe mama kijana ambaye mwaka huu zamu ya kupikia ukoo imekuangukia, mbinu kubwa ni hii: nunua kitu kinapovunwa, usisubiri kinapotakiwa. Mengine yote yanafuata hapo.

Kalenda yetu ya Nyanda za Juu Kusini ni rahisi kuisoma. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Krismasi basi huangukia wakati fedha ya nyumba imezikwa shambani kwenye mbegu na mbolea, na gunia la mahindi stoo limeanza kulegea. Wamarekani wana sikukuu yao ya shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba, ndivyo sheria yao ya mwaka 1941 inavyosema, na kesho yake maduka hushusha bei. Maduka ya kwetu nayo siku hizi yanabandika mabango ya punguzo Novemba hiyohiyo. Yaangalie kwa jicho la pembeni. Wenzetu wanashukuru wakiwa wamekwisha kuvuna. Sisi mwezi huo tumeshika majembe. Punguzo la kweli kwetu liko katikati ya mwaka, mashamba yanapomwaga mazao sokoni na wakulima wanahitaji fedha haraka.

Na shukrani zetu ziko hukohuko. Makanisa ya Kilutheri na ya Kimoraviani, ambayo yana mizizi kusini huku tangu wamisionari wa kwanza walipofika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, huadhimisha sikukuu ya mavuno, kila usharika kwa tarehe yake. Watu huja na mikungu ya ndizi, madebe ya mahindi, mayai, maboga, jogoo aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha mnada unaanza uwanjani. Kama umekwenda kutafuta vya bei poa, elewa unakoingia: jogoo anaweza kupanda hadi bei ambayo sokoni ingekupa watatu, kwa sababu anayenunua anatoa sadaka, na wenzake wanampandishia makusudi huku wakicheka. Usishindane hapo. Subiri mwishoni, wenye magari wakishaondoka, kwenye vitu vizito visivyobebeka: maboga, mkungu mkubwa, debe la mahindi. Hapo mzee wa kanisa mwenyewe anatafuta wa kumpunguzia mzigo, nawe utakuwa umetoa sadaka na umepata chakula.

Tuje kwenye mchele, maana ndio unaokula fedha kuliko vyote. Mpunga wa Kyela na wa bonde la Usangu huvunwa kati ya Mei na Julai. Miezi hiyo ndiyo ya kununua, na kama una pa kuweka, nunua mpunga wenyewe badala ya mchele. Mpunga ukiwa na ganda lake hukaa miezi mingi bila kuharibika. Mchele uliokwisha kukobolewa hushambuliwa na wadudu upesi. Anika vizuri, weka juu ya mbao, mbali na ukuta, kisha peleka mashineni wiki mbili kabla ya sikukuu. Faida ya pili iko kwenye sufuria: mchele uliovunwa juzi una unyevu na hushikana, uliokaa nusu mwaka hunywa maji zaidi na kuchambuka punje punje, na pilau linataka huo wa pili.

Usikubali kila gunia linaloitwa la Kyela. Jina hilo lina bei yake, na kila muuzaji anataka kulitumia. Chukua punje kiganjani, zisugue hadi zipate joto, nusa. Kisha tafuna mbili tatu. Mchele wa Usangu wala si mbaya, ukiupata pale Igurusi kwenye barabara kuu unaweza kukufaa sana. Kibaya ni kuulipia bei ya Kyela. Chenga nazo usizidharau: ni za bei ya chini na ndizo za vitumbua vya asubuhi ya sikukuu.

Kama nyumba yako haina stoo wala fedha ya gunia, unganeni. Wewe, wifi yako na jirani mmoja mnaweza kuchukua gunia moja na kugawana kwa mizani. Kwa viazi vya Umalila au Uyole fanyeni vivyo hivyo, lakini mpimiwe kwa kilo. Lumbesa ile iliyovimba juu kwa kushonewa nyavu inampunja mkulima, na mnunuzi naye hajui kabeba nini. Viazi viweke gizani, maana vikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa vichungu, navyo si vya kulisha watoto.

Vitunguu waachie wageni. Ndugu wanaokuja Iringa kutoka Dar es Salaam watapita Ruaha Mbuyuni na Ilula, ambako vitunguu na nyanya vinapangwa kando ya barabara na bei inasikika. Mpigie simu shemeji kabla hajaondoka, umwambie idadi na umwambie akague sehemu ya chini ya ndoo, si ya juu tu. Ukiwa wewe ndiye unayesafiri kutoka Mbeya kwenda kwa wakwe Iringa, beba mchele na ndizi za Tukuyu, usibebe nyanya. Njia hiyo inazidi kilomita 300, na nyanya zitafika mchuzi. Tiketi ya basi kata mapema na udai yenye nauli iliyoandikwa; LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hutangaza nauli elekezi, na Desemba ndiyo mwezi wa wapiga debe kujisahaulisha.

Kuku wa kienyeji nunua Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, umfuge mwenyewe kwa pumba na mabaki. Tahadhari yake ni ugonjwa wa kideri. Kuku wa sokoni akiingia nao bandani anaweza kuwamaliza wa nyumbani ndani ya siku chache. Mtenge kwanza wiki mbili, na wale ulionao uwe umewachanja: chanjo ya tone moja jichoni, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Muulize ofisa mifugo wa kata. Ni ya bei ndogo mno ukilinganisha na kuku mmoja wa Krismasi.

Nguo sasa. Hapa ndipo familia nzima inapotaka kuja, na hapa ndipo bajeti inapovuja. Mbeya watu huenda Sido na Mwanjelwa. Iringa ni Mlandege na Mashine Tatu. Mitumba ina saa zake. Belo likifunguliwa asubuhi, nguo za juu zinachukuliwa na wenye maduka na wateja wasiouliza bei. Mchana zinabaki za wastani. Jioni, mvua ikitishia, zinamwagwa kwenye turubai na muuzaji anaimba bei moja kwa zote. Mama mwenye watoto wadogo aende hiyo ya jioni, kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu hajali nguo ilikuwa juu au chini ya belo.

Geuza nguo nje ndani. Anza kwapani, shuka kwenye mshono wa paja, kisha iinue juu uitazame kwenye mwanga, tundu la nondo litaonekana. Zipu ivute mara tatu. Kiatu kikunje soli. Ikitoa mlio wa karatasi kavu, gundi imekwisha na mvua ya kwanza itakiachanisha. Watoto usiwaburute wote sokoni. Pima unyayo wa kila mmoja kwa uzi nyumbani, ongeza upana wa kidole chako, kata, funga fundo moja kwa mkubwa na mawili kwa mdogo. Uzi unaingia ndani ya kiatu na kukupa jibu pasipo kilio.

Nenda na mtu mmoja tu, na awe wa kukuvuta mkono. Wewe unalipenda gauni, wifi anasema "twende, nimeona jingine kule," na muuzaji anashuka. Mchezo huo unajulikana soko zima na bado unafanya kazi. Ukipata vitu vitatu kwa mtu mmoja, taja bei ya vyote kwa pamoja. Usipatane kimoja kimoja. Masweta na makoti usinunue Juni kwenye baridi kali ya Mbeya. Yanunue Oktoba, jua linapochoma na muuzaji amechoka kuyakunja.

Kuhusu sare ya kitenge ya familia, nina maoni makali: kama kitambaa hakijafika kwa fundi ifikapo katikati ya Novemba, acheni. Fundi cherehani wa Desemba hasemi hapana kwa mtu. Anapokea vyote, anakata vyote siku ileile ili usiweze kumnyang'anya, kisha anaanza kukwambia "kesho". Lipa nusu, bakiza nusu, na mpe tarehe ya wiki moja kabla ya ile unayoitaka kweli. Mkiacha sare hiyo, fedha itakayookolewa iende kwenye sare za shule na madaftari, ukivinunua mara tu shule zinapofungwa. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu na madaftari ni vya mzazi, na wiki ya kufungua shule bei hupanda.

Siku ya kupika ina jambo moja ambalo mgeni kutoka pwani halijui. Mji wa Mbeya uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa imezidi mita 1,500. Kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100. Yanatokota vilevile, yanatoa mvuke vilevile, ila joto lake ni dogo, ndiyo maana maharage yanakaa jikoni hadi mkaa unaisha. Yaloweke usiku wa tarehe 23, yachemshe tarehe 24, yaunge tarehe 25. Kama kuna sufuria ya presha kwa jirani, iombe mapema; nyama ya ng'ombe mzee nayo inaihitaji.

Pilau lifanye hivi. Vitunguu vikaange taratibu hadi viwe rangi ya chai kavu, maana rangi ya pilau inatoka hapo wala haitoki kwenye paketi ya viungo. Vitunguu saumu, tangawizi na viungo viingie vikiwa vimetwangwa siku hiyohiyo. Nyama iwe imeiva kabisa kabla mchele haujaingia. Vikombe viwili vya supu kwa kimoja cha mchele ni pa kuanzia, lakini huku juu, na kwa mchele uliokaa, weka akiba ya supu ya moto pembeni uongeze kidogo kidogo. Supu ikikaribia kukauka, tandaza jani la mgomba juu, funika, toa mkaa mwingi chini na upalie juu ya mfuniko. Kwenye gesi hakuna cha kupalia, kwa hiyo weka kikaango kizito cha chapati chini ya sufuria, moto uwe mdogo kabisa, na usifunue kwa kuchungulia. Kachumbari katakata mwisho. Chumvi itie wakati wa kupakua.

Iringa mvua zikishika utakutana na uyoga barabarani, hasa maeneo ya Mafinga. Ni mboga nzuri ya kumpikia asiyekula nyama, ila nunua kwa mama anayeuokota miaka yote na anayeuza anachokula mwenyewe. Usiokote mwenyewe kwa kubahatisha.

Watu wa nyumbani wape kazi kabla hawajakaa. Shemeji achinje, watoto wakubwa wachambue mchele, wifi akande chapati. Mama mkwe umpe mwiko wa kuonjea, akisema chumvi imepungua ongeza kidogo mbele ya macho yake, na mchana mzima utakuwa wa amani. Jambo moja tu usimkubalie. Akitaka kumwonjesha mchuzi mjukuu ambaye hajafikisha miezi sita, mwambie kwa upole, "Mama, kliniki wametuambia bado." Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi hiyo. Na mtoto asiwe mgongoni mwako unapokaanga. Mafuta yakiruka humpata yeye pia. Mpe bibi ambebe, kazi hiyo ataifurahia kuliko kuonja.

Mtungi wa gesi upime tarehe 22, kwa sababu siku yenyewe wauzaji wengi wamefunga. Na debe moja la mahindi lifungie lisiguswe na mgeni yeyote: Januari shule zinafunguliwa, na mahindi mapya ya kusaga hayatakauka shambani kabla ya Juni.