Pembe ya Mpira Uliopigwa kwa Gongo

Mchezo wa besiboli ulianza kufundishwa katika Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam, mwaka 2012. Katika mchezo huo, na katika softiboli iliyo ndugu yake, mpira uliopigwa huainishwa kwa pembe unayofanya na ardhi mara uondokapo kwenye gongo. Wapimaji wa Marekani hutaja aina nne:

(a) Mpira wa kutambaa: chini ya nyuzi 10.
(b) Mpira mnyoofu: nyuzi 10 hadi 25.
(c) Mpira wa juu: nyuzi 25 hadi 50.
(d) Mpira wa kupaa: zaidi ya nyuzi 50.

Mpira ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, mpigaji hutolewa. Kwa hiyo muda ambao mpira hukaa angani una uzito sawa na umbali unaokwenda.

Mathalani, mwalimu wa fizikia wa Unyambwa, mkoani Singida, na achore ubaoni njia za mipira miwili iliyopigwa kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, mmoja kwa nyuzi 15 na wa pili kwa nyuzi 75. Ukinzani wa hewa usipohesabiwa, yote miwili huanguka mita 20.4 kutoka kwa mpigaji, kwa kuwa jumla ya pembe hizo ni nyuzi 90. Lakini wa kwanza hufika kimo cha mita 1.4 na kukaa angani sekunde 1.06 tu, wa pili hufika mita 19 na kukaa sekunde 3.94.

Mdakaji aliye mita 15 kutoka mahali hapo angehitaji mwendo wa mita 14 kwa sekunde ili aupate mpira wa kwanza, mwendo ambao hakuna mwanadamu aliyepata kuufikia. Kwa mpira wa pili, mita 3.8 kwa sekunde zinamtosha. Ndiyo maana mpira mnyoofu humfaa mpigaji, na mpira wa kupaa humponza.

Kwa kweli hewa huupunguza mwendo wa mpira. Singida iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Hivyo pigo lile lile huko huupeleka mpira wa juu mbali zaidi.

Zoezi: Mpira umepigwa kwa nyuzi 45, kwa mwendo ule ule. Ni wa aina gani? Tafuta umbali na muda wake, ukichukua mchapuko wa mvutano kuwa 9.8.

Jibu: Mpira wa juu, mita 40.8, sekunde 2.89.