KIVINJARI NA TAGI ZILIZOKOSEWA

Tumezoea kuambiwa kuwa kompyuta haisamehe: ukikosea alama moja tu katika programu, inagoma. Lakini HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ni kama nyanya mwenye huruma. Hebu tuichambue.

Tagi <b> hufungua herufi nzito, nayo </b> huzifunga. Tagi <i> ni ya herufi za mlazo. Sasa tazama:

<b>Karibu <i>wageni</b> wote</i>

Kivinjari hupanga tagi zilizofunguliwa kama sahani jikoni: iliyowekwa mwisho hutolewa kwanza. Hapa </b> imekuja wakati <i> bado iko juu. Je, kitagoma? Wapi! Kinafunga <i>, kinafunga <b>, kisha kinafungua <i> upya, ndipo neno "wote" litokee kwa mlazo pekee.

Aya usiyoifunga hufungwa <p> nyingine ikianza. Ukibuni tagi yako, tuseme <ugali>, maneno yaliyomo huonyeshwa vivyo hivyo. Maneno uliyoyatupa ovyo kati ya safu za jedwali, hayo hufukuzwa na kuwekwa mbele ya jedwali!

Zamani kila kivinjari kilibahatisha kivyake. Mwaka 2000 shirika la W3C lilitoa XHTML 1.0, yenye ukali wa XML: kosa moja, ukurasa hausomeki. Waandishi wengi hawakuifuata. Kundi la WHATWG, lililoanzishwa 2004, likaandika kanuni za kushughulikia kila kosa, zikaingia katika HTML5 iliyoidhinishwa na W3C mwaka 2014.

Mwenzangu mmoja darasani anashikilia ati huruma hii huzaa uvivu. Mimi sikubali. Ukurasa wa Tim Berners-Lee wa CERN, wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, una tagi <nextid> isiyotumika tena, na bado unafunguka.

Hatari iko kwingine. Tuseme tovuti inapokea ujumbe wa watu, nayo ina kichujio cha kufuta <script>, tagi inayobeba programu. Mjanja anaandika:

<scr<script>ipt>

Kichujio kinafuta neno la katikati mara moja, kinaridhika. Mabaki yanaungana: <script>! Kivinjari cha msomaji kinaitekeleza, na akaunti yake yaweza kuibwa. Ndiyo maana kichujio kizuri hakitafuti maneno tu. Husoma ujumbe kwa kanuni zile zile za kivinjari, kisha kikabakiza tagi zilizoruhusiwa pekee.