KIFUA KINAPOBANA MBELE YA WATU

Bismillahi Rahmani Rahim.



Wako wenzetu wanaofika Ijumaa hutuba imekwisha kuanza, wanakaa nyuma karibu na viatu, na imamu akitoa salamu tu wamekwisha toka. Tunasema wana kiburi, au imani yao ni ndogo. Pengine mtu huyo akiona macho ya watu moyo unamdunda, mikono inatoka jasho, ulimi unakauka. Huo ni woga wa watu, na unaweza kumnyima mtu kazi, ndoa, hata swala ya jamaa.

Usiuchanganye na haya. Haya ni sehemu ya imani, ndivyo alivyotufundisha Mtume (S.A.W.), inakuzuia na ubaya. Woga huu unakuzuia na wema.

Soma Sura Ta-Ha, kuanzia aya ya 25. Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni aliomba kifua chake kikunjuliwe na fundo la ulimi wake lifunguliwe. Tena akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Hakukemewa kwa maombi hayo. Alipewa, na akaenda. Hakubaki akingoja woga uishe kwanza.

Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi wa chuo, niliitwa kusoma mbele ya watu kwenye maulidi. Sauti ikapotea, wenzangu wakacheka. Miezi mingi nilijificha, na kila nilipokwepa, woga ulizidi. Aliyenitoa ni mzee mmoja. Hakunihubiria. Alinipeleka msikitini Alfajiri, tukiwa watu watatu tu, akasema, "Kimu swala, mwanangu, mimi niko hapa kando." Baadaye ikawa adhana. Hutuba ilikuja baada ya miaka.

Basi wewe unayeogopa, anza na kidogo: leo mpe salamu mtu mmoja wa safu yako, Ijumaa ijayo umwulize habari za nyumbani. Mwili ukitetemeka usikimbie, ukikaa, hutulia. Na ninyi wenye sauti kubwa, msimsukume mtu mbele ghafla, wala msimcheke. Sura Hujurat, aya ya 11, imekataza dhihaka. Woga ukimfungia mtu nyumbani kabisa, dua ziendelee na daktari aonwe pia. Lubumbashi kuna kituo cha Dokta Joseph Guislain kinachotibu magonjwa ya akili. Kwenda huko si aibu.

Baada ya swala ya leo nitakaa nje, karibu na ndoo za udhu, peke yangu. Anayetaka kusema nami bila watu wengi aje hapo.

Wabillahi tawfiq.