Kuunganisha Simu na Kompyuta Bila Waya: Nenosiri Kwanza
Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Nakivale na Mbarara

KWA NINI TUMEKIANDIKA

Malalamiko yanayofika kwenye madawati yetu ya msaada huko Base Camp, Nakivale, yanafanana. Mtu ananunua bando asubuhi, saa sita mchana limekwisha, na yeye kasoma jumbe mbili tatu tu. Lawama zote zinakwenda kwa kampuni ya simu. Tukimwomba afungue simu yake, tunakuta mtandaopepe (hotspot, yaani simu kuvigawia vifaa vingine data) umewaka tangu juzi, hauna nenosiri, na vifaa vinne vimejiunga. Chake ni kimoja.

Kwa wengi wetu, intaneti ya kompyuta ni ile inayotoka kwenye simu. Mwanafunzi anayeomba nafasi chuoni Mbarara, fundi cherehani anayetafuta mishono mipya, mzee anayetaka kuonana na wanawe walioko Canada: wote huwasha simu na kuigawia kompyuta data. Si kosa kugawa. Kosa ni kugawa na kuacha wazi.

ONYO: SOMA HAPA HATA USIPOSOMA PENGINE

Usiwashe mtandaopepe bila nenosiri. Hata kwa dakika tano. Hata kama majirani zako ni watu wema.

Sababu ya kwanza ni pesa: data inayotumiwa na wengine inakatwa kwako. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Nchini Uganda laini husajiliwa kwa kitambulisho. Anayejiunga na simu yako anaingia mtandaoni kwa laini yako. Akitapeli watu, kampuni ya simu inaona laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Haioni kompyuta ya nani ilikuwa nyuma yake. Wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Na 12345678 si nenosiri. Namba yako ya simu si nenosiri. Namba ya siri ya kutumia pesa za simu usiiweke hapo kamwe. Chukua maneno matatu yasiyohusiana, kwa lugha yoyote unayoijua, uyaunge na namba: kwa mfano punda-sabuni-ziwa47. Huo ni mfano tu, usiuchukue.

HATUA KWA HATUA

1. Kwenye simu ya Android fungua Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, kisha mahali pa mtandaopepe. Simu hutofautiana; ukikwama, andika neno hilo kwenye sehemu ya kutafutia ndani ya Mipangilio.

2. Badilisha jina la mtandao. Simu nyingi hutangaza aina ya simu, na nyingine hutangaza jina la mwenyewe. Usiweke jina lako, la kijiji wala namba ya nyumba.

3. Kwenye usalama chagua WPA3, au WPA2 kama kompyuta ni ya zamani. Usichague "Hakuna". Andika nenosiri lenye herufi zisizopungua nane.

4. Washa mtandaopepe. Kwenye kompyuta bonyeza alama ya mawimbi chini kulia, chagua jina la mtandao wako, andika nenosiri. Kompyuta itajipatia anwani yenyewe. Anayekudai pesa ili akupe anwani anakudanganya.

5. Kompyuta ikikuuliza aina ya mtandao, chagua wa umma. Hapo haitajionyesha kwa vifaa vingine vilivyojiunga.

6. Kama ni Windows, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uiambie kwamba data yake inapimwa. Usipofanya hivyo, kompyuta inaweza kujipakulia masasisho kimyakimya na kumaliza bando kabla hujafungua fomu yako.

7. Ukimaliza, zima. Usiseme utazima baadaye. Simu inayogawa data hupata joto na kumaliza betri haraka, na kuchaji ni pesa.

Kompyuta isipouona mtandao, sogeza simu karibu. Ukuta wa matofali na mabati hupunguza nguvu ya mawimbi. Ikishindikana, tafuta kwenye mipangilio ya mtandaopepe bendi ya 2.4 GHz. Kompyuta nyingi za mitumba haziioni ile ya 5 GHz.

Kama una waya wa USB, tunakushauri uutumie kugawa data kwenye kompyuta yako mwenyewe. Hakuna jirani atakayejiunga na waya.

KWENYE VIBANDA VYA KUCHAPISHA

Hapa ndipo tunapoogopa zaidi. Mteja anafika na simu, anaiunganisha na kompyuta ya kibanda, anachapisha barua yake, anaondoka. Kompyuta imelihifadhi nenosiri lake. Yeyote atakayekaa kwenye kiti kile anaweza kulifungua na kulisoma. Kwa hiyo kabla hujainuka, bonyeza jina la mtandao wako uchague kuusahau. Ukifika nyumbani, badilisha nenosiri.

Kama unatuma faili kwa Bluetooth, hakikisha kwanza kwamba namba iliyoonekana kwenye simu ni ile ile iliyo kwenye kompyuta. Mkimaliza, futa kompyuta hiyo kwenye orodha ya simu yako. Na nakala ya kadi yako ya ukimbizi isibaki kwenye kompyuta ya mtu: ifute mbele yake, kisha ifute pia kwenye pipa la taka. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi iko upande wako.

Wenye vibanda nanyi sikieni: kuingia kwenye simu au kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2011 ya matumizi mabaya ya kompyuta. Kwamba aliacha wazi si ruhusa.

NANI ANAWEZA KUSAJILI LAINI

Mkimbizi husajili kwa kadi yake, au kwa barua ya utambulisho iliyotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Masharti mengine uliza duka la kampuni yako. Usinunue laini iliyosajiliwa kwa jina la mwingine.

KUMBUKA

Wale waliofuata maelezo haya kwenye madawati yetu hawajarudi na lalamiko lile lile, na hilo tunajivunia. Ukiona ujumbe unaokudai pesa ili uhamishiwe nchi ya tatu, ujue ni utapeli: huduma hiyo hailipiwi. Kuuripoti, piga simu bila malipo 0800 323 232.

Sasa funga kijitabu, chukua simu yako, angalia kama mtandaopepe umewaka. Kama umewaka bila nenosiri, uzime sasa hivi, kabla hujampa jirani kijitabu hiki asome.