Ghala la Ushirika kama Zana ya Kufundishia Historia

Mwanachuo anayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika wilaya ya Mbozi huambiwa mapema kwamba huko kuna kitu cha kuwaonyesha watoto: kimondo cha Marengi, kipande cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa tani zipatazo 16. Darasa hupelekwa, watoto hukizunguka, hukigusa, kisha hurudi. Njiani hupita ghala la ushirika, wala hapana anayegeuza shingo. Hili ni kosa la kimafunzo, na shabaha ya makala haya ni kuonyesha jinsi ya kulisahihisha. Kimondo kilianguka chenyewe. Ghala lilijengwa na wazee wa watoto hao hao, aghalabu kwa fedha zilizokatwa katika kahawa yao.

Huenda mwanachuo akauliza: je, ghala nalo ni urithi? Mkataba wa kimataifa kuhusu urithi wa viwanda, unaojulikana kwa jina la Nizhny Tagil, uliopitishwa Urusi mwaka 2003, unayataja maghala na bohari pamoja na viwanda na migodi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa upande wake, inayakinga moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyofuata yahitaji kutangazwa na waziri. Ghala la kahawa la Mbozi ni changa mno kwa kipimo hicho. Na jengo lililo wazi kando ya barabara kuu iendayo Tunduma halikai sana: paa huezuliwa, au fremu za maduka husimamishwa mahali pake. Mwalimu anayengoja litangazwe huenda asilikute.

Kabla ya kuwatoa watoto darasani, mwalimu hana budi kuwa na miaka michache kichwani. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kikaandikishwa. Makao yake makuu yaliyoko mjini Moshi ni mfano mzuri wa jengo la ushirika lenye historia, kwani humo ndimo Chuo cha Ushirika kilimoanzia mwaka 1963. Tarehe 14 Mei 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vyote, na mamlaka za mazao zikashika ununuzi. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa. Kwa hiyo ghala moja laweza kuwa limebadili wenyewe mara tatu bila tofali kuhama.

Kuna upande mwingine ambao vitabu vya shule huupita haraka, nao ni ushirika wa walaji, yaani watu kuungana ili kununua badala ya kuuza. Chanzo chake mashuhuri ni duka lililofunguliwa Rochdale, Uingereza, mwezi Desemba 1844, na wanachama 28, wengi wao mafundi na wafumaji, walioanza na bidhaa chache kama unga, sukari, siagi na mishumaa. Jengo la duka hilo leo ni makumbusho. Kwetu, mwaka 1962 iliundwa COSATA ili kuyapatia bidhaa maduka ya ushirika, lakini haikudumu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili ya ushirika yashike nafasi yake. Bidhaa hazikutosha. Watoto wa Tunduma, ambao kwao kuvuka hadi Nakonde ni jambo la kila siku, watafahamu upesi kuliko wengine mambo yanayotokea mpakani pale sukari na sabuni zinapoadimika upande mmoja.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Ombeni kwanza ruhusa ya wenye jengo, na mwalimu atangulie siku moja kabla kukagua paa na nyoka. Siku ya somo, wanafunzi wasimame nje dakika 10 wakitazama, na mwalimu anyamaze. Jambo hili ni gumu kwa mwanachuo kuliko yote, kwa sababu amejiandaa usiku kucha kusema. Kisha aulize maswali ambayo jibu lake limo katika ukuta. Kwa nini sakafu imeinuliwa juu ya ardhi? Wapo watakaosema ni kuepuka maji, na wapo watakaoona kwamba kimo chake hulingana na kitako cha lori, wote wamepata. Kwa nini matundu ya hewa yako juu, chini ya paa, tena yamewekewa wavu? Kwa nini chumba cha duka kina mlango wake na ukuta usio na upenyo kuelekea ghalani? Hapa wape punje za kahawa zilizolala usiku mmoja karibu na kibuyu cha mafuta ya taa, wanuse. Hawatahitaji maelezo zaidi.

Swali ninalolipenda mimi ni la mlango mkubwa: je, unaelekea barabara au reli? Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Ghala lililoipa reli mgongo huenda ni kongwe kuliko reli. Watoto wakilitambua hilo wenyewe, wameanza kufikiri kama wanahistoria, ingawa waonywe kwamba dalili moja si ushahidi kamili. Rangi nayo isomwe: mara nyingi jina jipya limeandikwa juu ya la zamani, na herufi za chini huchungulia.

Baada ya jengo huja mzee. Nami hapa nitaeleza kosa langu. Tulikuwa na Darasa la Tano mbele ya ghala moja, na bibi aliyeuza kahawa yake hapo miaka mingi alikubali kuzungumza nao. Watoto walimwamkia, akaitikia, akafungua kopo la kimbo akatoa stakabadhi zilizokunjwa. Akaeleza kwamba mkulima alipewa malipo ya kwanza siku ya kupima, na malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa mnadani. Stakabadhi hizo ni za mwaka ambao malipo ya pili hayakufika. Mtoto mmoja akauliza, "Bibi, mbona hawakukulipa?" Kabla bibi hajajibu, mimi nikaingilia na kusema kwamba muda umekwisha. Muda haukuwa umekwisha. Niliogopa kwamba somo la ushirika lingegeuka kuwa lawama juu ya ushirika.

Jioni wanachuo wangu waliniuliza kwa adabu iwapo nilitaka nao wafanye vivyo hivyo. Juma lililofuata tulirudi. Bibi alimtafuta yule mtoto kwa macho akamwambia, "Mjukuu wangu, swali lako sijalisahau." Akasema hajui fedha zilikopotelea, aliambiwa angoje, akangoja. Akasema pia kwamba bila ghala lile angemwuzia mchuuzi mlangoni kwa bei ya mchuuzi, na kwamba baba yake alibeba mawe ya msingi wake. Yote mawili aliyasema bila kuyapatanisha, nasi tuliyaandika ubaoni hivyo hivyo, safu mbili.

Stakabadhi tulizinakili kwa mkono, kopo likarudi na mwenyewe. Zilitupatia vipindi viwili vya Hisabati: kilo, bei, malipo ya kwanza, baki. Wanachuo watakaofanya zoezi hili waanze na nakala za namna hiyo, waandike tarehe na kijiji, wafiche jina la mkulima asipotaka litajwe, na waziache katika kabati la shule si katika begi lao. Bibi aliomba tumsomee hesabu ya baki. Yule mtoto ndiye aliyemsomea.