Fuma Sweta, Mkinge Mtoto

Kama unaishi Njombe, Makete au Lushoto, baridi ya mwezi wa sita na wa saba huhitaji kuhadithiwa. Wewe unajikunyata ndani ya koti lako. Je, mdogo wako au mwanao wa miezi miwili anajikinga na nini?

Kwa nini mtoto hupoa haraka?
Mtoto mchanga ana mwili mdogo na mafuta machache chini ya ngozi. Joto lake la kawaida ni sentigredi 36.5 hadi 37.5. Likishuka sana analegea, ananyonya kwa shida, na anaweza hata kufariki. Kwa hiyo kofia, soksi na sweta siyo urembo tu. Ni kinga.

Sufu inafanyaje kazi?
Manyoya ya kondoo yamejikunjakunja na hushika hewa katikati. Hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Tena, sufu ikipata unyevu kidogo bado inatia joto.

Lakini angalia! Nyuzi nyingi za madukani siyo sufu, ni akriliki ya kiwandani. Nayo inatia joto, ila ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Ukitaka kujua, choma kipande kidogo cha uzi, mbali na watoto. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Akriliki huacha kidonge kigumu.

Je, inadumu?
Sana. Mimi na wadogo zangu wawili tulivaa sweta moja alilofuma bibi. Mikono ilipokuwa mifupi, alifumua ncha akaongeza uzi. Kiwiko kilipotoboka, akaziba. Mwishowe akalifumua lote, akapata kofia na soksi za mjukuu mwingine. Sweta la kiwandani lililokatwa na kushonwa, ukilifumua unabaki na vipande vifupi tu.

Litunze hivi
Fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Usisugue, maana maji ya moto na kusugua hulifanya lisinyae. Likamue taratibu, kisha lianike kivulini likiwa limelazwa.

Usalama kwanza
Usiweke kamba shingoni, na vifungo uvikaze. Mguse mtoto kifuani na nyuma ya shingo. Ana jasho? Mpunguzie nguo. Ni wa baridi? Mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, amfunike na kumnyonyesha. Asipopata joto au akikataa kunyonya, mpelekeni kituo cha afya upesi. Hapo sweta peke yake halitoshi.

Zoezi
Wiki hii mwombe bibi, shangazi au jirani akufundishe kufuma. Anza na kofia, ni ndogo na uzi wake siyo mwingi. Na wewe kaka, usicheke! Mtoto akipigwa na baridi, haulizi kofia imefumwa na nani.